Uongo Wako wa Aprili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Uzuri na Kero za Anime Hii

Majibu yafuatayo yanaihusu anime, yaani katuni ya Kijapani, iitwayo Shigatsu wa Kimi no Uso, ambayo wengi wetu tuliifahamu kwanza kwa jina lake la Kiingereza, Your Lie in April. Maswali ya mwanzo yanaweza kusomwa na mtu ambaye bado hajaitazama. Baada ya onyo lililowekwa mbele, mwisho wa hadithi unatajwa waziwazi, kwa hiyo asiyependa kusimuliwa mwisho aishie hapo.

Ni anime ya namna gani, na ina urefu kiasi gani?

Ni tamthilia ya mapenzi na muziki yenye sehemu 22, kila moja ikiwa na dakika zisizofika 25, hivyo anayetaka kuimaliza yote atahitaji saa nane na ushei. Ilitengenezwa na studio ya A-1 Pictures chini ya mwongozaji Kyohei Ishiguro, na kurushwa na kituo cha Fuji TV cha Japani, katika kipindi chake cha usiku kiitwacho Noitamina, kuanzia Oktoba 2014 hadi Machi 2015. Chanzo chake ni manga, yaani hadithi ya michoro, ya Naoshi Arakawa iliyochapishwa na Kodansha kati ya mwaka 2011 na 2015 na kukusanywa katika juzuu 11. Manga hiyo ilitunukiwa tuzo ya manga ya Kodansha ya mwaka 2013 katika kundi la hadithi za vijana wa kiume, jambo linalowashangaza wanaodhani kwamba hadithi ya machozi kama hii lazima iwe imeandikwa kwa ajili ya wasichana. Hakuna msimu wa pili, wala hauhitajiki.

Jina lake lina maana gani?

Shigatsu ni Aprili, kimi ni wewe, na uso ni uongo. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita neno hilo la mwisho bila kutabasamu, kwa kuwa kwetu uso ni uso. Na aliyekwisha kuimaliza hadithi atakubali kwamba sadfa hiyo haiko mbali na ukweli, maana uongo unaozungumziwa ulikaa muda wote nyuma ya uso wa binti anayecheka. Aprili nayo ina sababu yake: ndio mwezi ambao mwaka wa shule wa Japani huanza, na ndio wakati micheri inapochanua jijini Tokyo, ambako hadithi inatokea. Uongo wenyewe ni upi, litajibiwa baada ya onyo.

Hadithi inahusu nini, bila kufichua mwisho?

Kosei Arima ni kijana wa miaka 14 aliye mwaka wa mwisho wa shule ya kati. Utotoni alishinda mashindano ya piano moja baada ya jingine, akifundishwa kwa ukali na kwa fimbo na mama yake mgonjwa, Saki, na kwa jinsi alivyofuata noti bila kukosea hata nukta, wenzake walimbandika jina la metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo ya muziki, yenye mwili wa mtu. Mama alipofariki, Kosei akiwa bado mtoto, akili yake iliziba mlango mmoja tu: anasikia kila kitu duniani isipokuwa sauti ya piano anayoipiga mwenyewe. Akaacha kushindana.

Miaka miwili baadaye, Tsubaki Sawabe, jirani yake tangu utotoni, anamwomba aende naye kukutana na binti wa darasa lake, Kaori Miyazono, mpiga fidla ambaye inasemekana anampenda Ryota Watari, mchezaji mpira na rafiki yao wa karibu. Kosei anakwenda kujaza nafasi tu, kama Rafiki A, yaani mhusika wa pembeni asiyehitaji hata jina. Anamkuta Kaori katika uwanja wa michezo ya watoto, akipuliza pianika, kinanda kidogo cha kupuliza, mbele ya watoto wadogo huku machozi yakimtoka, na kuanzia hapo binti huyo hamwachi tena mpaka amrudishe jukwaani.

Je, ni lazima nijue muziki wa klasiki wa Ulaya?

Hapana. Kila tungo inaelezwa kwa kiasi cha kutosha, na pengine kupita kiasi, kama itakavyoonekana. Aliyekulia akisikia taarabu ya Zanzibar ana hata mlango wake wa kuingilia, kwa sababu fidla si chombo kigeni kwake, na amezoea kuisikia ikijibizana na sauti ya mwimbaji badala ya kumfuata nyuma kama kivuli. Mtu huyo ataelewa mara moja kwa nini, katika sehemu ya pili, Kaori anapoipiga sonata ya Kreutzer ya Beethoven kwa kasi anayoitaka yeye, majaji wanakunja nyuso na ukumbi unampigia makofi.

Nguvu yake kubwa ni ipi?

Ni jinsi inavyolifanya jukwaa kuwa mahali ambapo mapenzi yanatendeka kabla hayajatamkwa. Ukiwauliza mashabiki, wengi watataja sehemu ya nne, nami sina pingamizi. Kaori ameingia raundi ya pili ya mashindano ya fidla, naye amemlazimisha Kosei awe msindikizaji wake kwenye piano. Tungo ni Introduction and Rondo Capriccioso ya Camille Saint-Saëns. Hawajafanya mazoezi ya maana pamoja. Alichofanya Kaori ni kumbandikia karatasi za noti kila anapopita, kisha, muda mfupi kabla ya kuanza, kumgonga kichwa kwa kichwa ili woga umtoke.

Wanaanza vizuri. Halafu noti zinaanza kupukutika kwenye karatasi, sauti ya piano inazama, picha inageuka kuwa ya mtoto aliyekaa sakafuni mwa bahari, na Kosei anaondoa mikono kwenye vitufe. Kinachofuata ndicho kinachoibeba anime nzima: fidla nayo inanyamaza. Kaori anajua vizuri kwamba mshindani anayesimama katikati ya tungo amejitoa mwenyewe, na bado anasimama. Anageuka, anamtazama msindikizaji wake, anamwambia waanze tena, na wanaanza tena mbele ya majaji ambao hawana tena haja ya kushika kalamu. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno la mapenzi, wala hakuna aliyemshika mwenzake mkono, lakini mtazamaji anaondoka pale akijua kwamba binti huyu ametoa kitu chenye thamani kubwa kwa ajili ya kijana huyu, bila kujua bado ni kikubwa kiasi gani.

Uzuri huo una msingi wa kazi ya mikono. Upigaji wa Kosei ulirekodiwa na mpiga piano Tomoki Sakata, na wa Kaori na mpiga fidla Yuna Shinohara, kwa hiyo vidole unavyoviona vikikimbia vina uhusiano na sauti unayoisikia, jambo ambalo katuni nyingi za muziki hukwepa kwa kuonyesha uso wa mpigaji tu. Muhimu zaidi ni kwamba kila mpigaji ana tabia yake. Takeshi Aiza, mshindani wa Kosei, anaipiga etudi (tungo ya kupimia ufundi wa mpigaji) ya Chopin kama mtu anayevunja mlango; Emi Igawa, mshindani mwingine, anaipiga ile iitwayo Upepo wa Baridi kwa hasira ya aliyetelekezwa; na Kosei, anayeanza akiwa mkavu kama saa ya ukutani, anasikika akibadilika kadiri hadithi inavyosonga, hata kwa mtazamaji asiyejua kusoma noti moja.

Mbona watu wengi wanalalamika kwamba wahusika wanasema mno?

Kwa sababu ni kweli. Mpigaji anapiga, na wakati huohuo anawaza kwa sauti, jaji anawaza, mshindani aliye nyuma ya pazia anawaza, mtu asiyejulikana katika safu ya tatu anamwambia jirani yake kwamba sauti imebadilika rangi. Kisha inaingia kumbukumbu ya utotoni, nayo ina maneno yake. Waliokulia kwenye vibanda vya kuonyeshea filamu zilizotafsiriwa watakumbuka jinsi msimuliaji anavyofunika muziki wa filamu kwa sauti yake mwenyewe. Tofauti ni kwamba pale tulikuwa tunahitaji tafsiri, na hapa anime inajitafsiria yenyewe kitu ambacho tumekwisha kukisikia.

Nadhani chanzo cha kero hii ni uaminifu kwa manga. Karatasi haina sauti. Arakawa, akiwa na wino tu, alilazimika kuieleza sauti ya fidla kwa maneno, kwa mifano na kwa nyuso za wasikilizaji, na aliifanya kazi hiyo kwa ustadi. Waliohamishia hadithi kwenye televisheni walikuwa na wanamuziki halisi mkononi, lakini wakaogopa kuyaacha maneno nyuma. Matokeo yake ni kwamba mashindano ya Takeshi, Emi na Kosei, yanayoanza kwenye sehemu ya nane na kuendelea kwa zaidi ya sehemu moja, yana dakika nzuri mno za muziki zilizofunikwa na hotuba. Mara nyingine picha nayo inasimama kabisa, kamera ikiteleza polepole juu ya mchoro mmoja wa hadhira huku maneno yakiendelea, na hapo mtu hawezi kujizuia kushuku kwamba bajeti ya wiki hiyo ilikuwa imekwisha.

Jambo hili linaumiza zaidi kwa kuwa anime yenyewe inaonyesha kwamba inajua kunyamaza. Onyesho la mwisho lina vipande virefu ambamo hakuna anayesema lolote, na hivyo ndivyo watu wanavyovikumbuka miaka mingi baadaye.

Vichekesho vya kupigana ngumi na mateke vinafaa kweli?

Havifai, na hii ndiyo kero ambayo mashabiki huwa wepesi wa kuisamehe kuliko inavyostahili. Katika sehemu ya kwanza tu Kaori anamshambulia Kosei kwa sababu ya kutoelewana kuhusu picha aliyoipiga kwa simu, naye Tsubaki humpiga kila anapokasirika, na michoro inageuka kuwa ya kikaragosi, macho meupe na uvimbe kichwani, ili tucheke. Katika anime nyingine ningeupita utani huo kwa kuwa ni desturi ya aina hii ya katuni. Hapa, hata hivyo, anayepigwa ni mtoto ambaye hadithi nzima inajengwa juu ya kovu la kupigwa na mama yake. Haiwezekani kutuomba tulie kwa fimbo ya Jumatatu na tucheke kwa teke la Jumanne, ilhali mgongo ni uleule. Barua inayosomwa mwishoni inaomba radhi kwa vipigo hivyo, kwa hiyo mwandishi aliviona. Lakini radhi ya sehemu ya 22 haiondoi ladha ya sehemu kumi zilizotangulia.

Je, anime inamtetea mama yake Kosei?

Hili ndilo swali linalogawa watazamaji zaidi, na jibu langu ni kwamba inajaribu kutomtetea, halafu inashindwa kidogo kwa sababu muziki wake ni mzuri mno.

Tunamwona Saki kwanza kama jinamizi: mwanamke katika kiti cha magurudumu, kivuli kisicho na macho kilichoketi kwenye kona ya kila ukumbi ambao Kosei anaingia. Tunamwona akimpiga mtoto mdogo mpaka damu imtoke, na tunamsikia mtoto huyo akimwambia mama yake maneno ya kumtakia kifo, maneno ambayo baadaye anaamini yalitimia. Mpaka hapo anime ni jasiri. Baadaye, kupitia kwa mwalimu Hiroko Seto, rafiki wa zamani wa Saki, tunaambiwa kwamba mama hakupanga kumfundisha mwanawe hivyo. Aliposhawishiwa kwamba mtoto ana kipaji, naye akajua kwamba siku zake zinahesabika, alitaka kumwachia riziki ya kujitegemea kabla hajaondoka. Katika sehemu ya 13, Kosei akiwa peke yake jukwaani, anapiga Huzuni ya Mapenzi ya Fritz Kreisler katika mpangilio wa piano wa Rachmaninoff, wimbo uleule ambao mama alikuwa akimpigia kama bembelezi, na anamuaga.

Msomaji aliyelelewa kwa methali ya mchelea mwana kulia hulia yeye anaweza kuipokea hoja hiyo bila shida, na wapo niliowasikia wakisema kwamba Saki alikuwa mama mkali tu, basi. Mimi sikubali, na nadhani maonyesho ya mwanzo ya anime yenyewe hayakubali. Kosei ana haki ya kumsamehe mama yake, na tendo lake jukwaani ni zuri. Tatizo ni kwamba hakuna mtu mzima anayeulizwa lolote. Hiroko anabeba hatia kimyakimya. Baba yuko safarini kikazi karibu hadithi nzima, na mtoto wa miaka 14 anaishi katika nyumba karibu peke yake na piano iliyofunikwa vumbi, bila mtu yeyote kuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Mzigo wote wa kuelewa na kusamehe unatuliwa kwenye mabega ya aliyepigwa.

Tsubaki na Watari wana nafasi gani?

Tsubaki anastahili hadithi yake mwenyewe. Ni binti wa softiboli, mwenye sauti kubwa, anayedai kwamba Kosei ni kama mdogo wake asiyejiweza, na anayekubali kuwa na mchumba mwingine ili athibitishe dai hilo. Katika sehemu ya sita timu yake inapoteza mechi, naye anaficha kwamba amejiumiza kifundo cha mguu. Anayegundua ni Kosei, ambaye anambeba mgongoni kurudi nyumbani usiku, na hapo ndipo Tsubaki analia. Ni dakika chache tu, hazina muziki wa Chopin wala hotuba, na ni miongoni mwa zilizo bora katika anime nzima. Kero ni kwamba baada ya kutuonyesha hayo, hadithi inamzungusha kwenye kukana kulekule kwa sehemu nyingi, na mtazamaji anabaki akiiambia skrini kile ambacho kila mtu shuleni anakijua.

Watari hakutendewa haki. Yeye ni mzaha, mpira na wasichana, na mara chache anaporuhusiwa kusema neno la busara tunagundua kwamba alikuwepo mtu kamili ndani yake. Ukizingatia kwamba jina lake ndilo limebeba uongo wa kichwa cha hadithi, ilitarajiwa tujue yeye mwenyewe anajisikiaje.

Ni kweli kwamba inachosha katikati?

Kwa kiasi fulani. Baada ya onyesho la sehemu ya 13 kasi inashuka, na ujio wa Nagi, mdogo wake Takeshi anayekuja kwa Kosei kujifunza piano huku akiwa na nia nyingine moyoni, unaonekana kwanza kama mchepuko. Vumilia. Piano ya mikono minne ambayo wawili hao wanaipiga kwenye tamasha la shule, valsi ya Tchaikovsky kutoka Mrembo Aliyelala, inalipa deni hilo, na pia inatuonyesha Kosei akimfanyia mtu mwingine kile alichofanyiwa na Kaori.

ONYO: majibu yafuatayo yanafichua mwisho.

Kaori anaumwa nini?

Ugonjwa wake hautajwi jina. Tunaona dalili: anaanguka, miguu inakataa kumbeba, mkono unashindwa kushika upinde wa fidla. Mashabiki wamependekeza majina mengi ya kitabibu, na hakuna lililothibitishwa ndani ya hadithi. Binafsi sioni kosa katika kutolitaja. Kosa ninaloliona ni kwamba ugonjwa huo una adabu mno, unampa Kaori nguvu kila mwandishi anapohitaji onyesho zuri na kumwangusha kila sehemu inapohitaji mwisho wa kushtua.

Uongo wa Aprili ulikuwa upi?

Kwamba Kaori Miyazono anampenda Ryota Watari. Hilo tu.

Kosei analijua baada ya mazishi, wazazi wa Kaori wanapomkabidhi barua aliyoiacha. Ndani yake anasimulia kwamba alipokuwa na miaka mitano alimsikia Kosei akipiga piano jukwaani kwa mara ya kwanza, akarudi nyumbani na kuwaomba wazazi wake wamnunulie fidla, ili siku moja asindikizwe na mtoto yule. Miaka ikapita, wakawa shule moja, na Kosei hakuwa akipiga tena. Kaori alimtazama kwa mbali bila kuthubutu kumsogelea, kwa sababu Kosei, Tsubaki na Watari walikuwa tayari mduara uliofungwa, na kila mtu aliona kwamba Tsubaki anampenda Kosei. Alipotambua kwamba muda wake ni mfupi, alitafuta mlango wa kuingilia bila kuvunja urafiki wa watu, na mlango huo ulikuwa jina la Watari.

Kama ufundi wa kusimulia, barua hii ni kazi ya hali ya juu. Haileti tukio jipya; inayageuza yale tuliyokwisha kuyaona. Machozi ya kwenye pianika, ambayo tulidhani ni tabia ya msanii, yalikuwa na sababu. Kumchagua msindikizaji asiyeweza kupiga, kitendo kilichoonekana cha kichaa, kilikuwa ndoto ya miaka tisa. Hata ule utani wa Rafiki A unachoma ukirudi kuusikia.

Lakini je, Kaori ni mhusika kamili, au yupo tu ili Kosei apone?

Lawama hii ina uzito. Kwa sehemu 21 tunamwona Kaori kupitia macho ya Kosei peke yake: ni mwanga, ni upepo, ni majira ya kuchipua, na mtu anaposifiwa kwa majina ya hali ya hewa, kwa kawaida ni dalili kwamba mwandishi hajaamua anakula nini asubuhi. Wazazi wake, wenye duka la mikate na keki, wanaonekana kwa ufupi. Hofu yake tunaiona mara chache, ingawa tunapoiona, kama pale juu ya paa la hospitali wakati theluji inaanguka, anaposimama kwa shida na kupiga fidla ambayo haipo mikononi mwake, inatosha kutufanya tutamani tungemjua mapema zaidi.

Mtetezi atasema kwamba barua ndiyo inayompa umbo, kwa kuwa inathibitisha kwamba muda wote alikuwa na hadithi yake, na kwamba Kosei ndiye aliyekuwa mhusika ndani yake. Nakubali nusu. Barua inampa Kaori sauti, lakini inampa akiwa amekwisha kufa, mahali ambapo hakuna awezaye kubishana naye. Ningependa kumsikia Kosei akimuuliza kama alikuwa na haki ya kumvuta kijana aliyempoteza mama hospitalini kurudi kwenye kitanda kingine cha hospitali. Hadithi inajua kwamba swali hilo lipo, maana katika sehemu ya 20 inamweka mbele ya paka mweusi aliyegongwa na gari, akiwa na damu mikononi, ili ayakumbuke yaliyopita. Mkono huo ni mzito, na haukuhitajika.

Kwa nini onyesho la mwisho linasifiwa hivyo?

Kosei anaketi mbele ya piano kwenye mashindano siku ileile ambayo Kaori anafanyiwa upasuaji. Amekata tamaa na hawezi kuanza. Kinachomwinua ni chafya: Tsubaki anapiga chafya katikati ya ukumbi ulionyamaza, Kosei anaitambua, na anakumbuka kwamba chini pale wamekaa watu wake. Nimeona anime nyingi zikitafuta ishara kubwa kwa ajili ya dakika kama hiyo. Hii ilichagua chafya, na ilichagua vizuri. Kisha inakuja Baladi namba 1 ya Chopin, na katikati yake Kaori anatokea na fidla yake katika mahali pa ndoto, wanapiga pamoja, mpaka anapotoweka kama pumzi na Kosei anaelewa.

Nianze na manga, filamu au anime?

Anime, kwa sababu ya sauti. Manga ni ya pili, hasa kwa anayetaka kuona yale maneno mengi yakiwa mahali pake panapostahili. Filamu ya waigizaji halisi ya mwaka 2016, iliyowashirikisha Suzu Hirose na Kento Yamazaki, imefupishwa na inafaa kwa aliyekwisha kuipenda hadithi. Ipo pia tamthilia ya muziki ya jukwaani iliyotungiwa nyimbo na Mmarekani Frank Wildhorn, iliyoonyeshwa Japani mwaka 2022 na kisha London mwaka 2024.

Inafaa kwa watoto?

Kwa wadogo, hapana, kutokana na vipigo vya mama na kifo. Kijana wa sekondari anaweza kuitazama, na ni vyema awe na mtu mzima wa kuzungumza naye baada ya sehemu zinazomhusu Saki.

Nitazame kwa sauti ya Kijapani au ya Kiingereza?

Zote zipo. Ninapendekeza ya Kijapani, kwa ajili ya Risa Taneda anayemwigiza Kaori na Natsuki Hanae anayemwigiza Kosei. Anayesoma tafsiri za maandishi polepole ajue mapema kwamba, kwa wingi wa maneno uliokwisha kuelezwa, atalazimika kuirudisha picha nyuma mara kwa mara.

Ina thamani ya kutazamwa mara ya pili?

Ndiyo, na kwa baadhi yetu mara ya pili ndiyo bora. Kero nyingi zitabaki palepale; hotuba hazitafupika, na mateke yatachukiza zaidi. Lakini rudi kwenye sehemu ya kwanza, kwenye uwanja wa watoto, na mtazame Kaori anapogeuka na kumwona aliyesimama pale na simu mkononi. Kisha rudi ukumbini katika sehemu ya pili, baada ya sonata ya Beethoven, anapofika walipo na maua mikononi mwake. Watari ndiye anayepaswa kuwa mwenye miadi. Anayeulizwa ameuonaje muziki, huku muulizaji akisubiri jibu kwa wasiwasi, ni Rafiki A.